Ukatili una kabila? Nimekulia Ngara, niliona ya Rusumo mwaka 1994, naomba tujadili

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine humu watu walikuwa wanajadili mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda. Mchangiaji mmoja akaandika: "Wale ndivyo walivyo, ukatili uko kwenye damu na mila zao. Sisi Watanzania hatuwezi." Watu wengi wakamuunga mkono. Siku mbili hizi maneno hayo hayajanitoka kichwani, nimeona bora niyatoe hapa. Nitaandika kwa urefu, atakayechoka apumzike njiani kisha arudi.

Mimi ni mtu wa Ngara, mkoani Kagera. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, tuko shambani na mama tunapalilia maharage, tukaona watu barabarani. Mwanzo mama alidhani ni msiba wa mtu mkubwa, kwa sababu watu walikuwa wengi mno na wanatembea kimya. Wamebeba magodoro, masufuria, watoto mgongoni, wengine wanaswaga mbuzi. Jua likazama, bado wanapita. Tukalala, tukaamka, bado wanapita. Kwa muda wa takriban siku moja walivuka daraja la Rusumo watu wapatao 250,000. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimewahi kuuona.

Baba alinichukua siku moja hadi karibu na mpaka. Pale nililiona rundo la mapanga waliyonyang'anywa watu wakati wa kuvuka. Nililikodolea macho kwa sababu moja tu: yalikuwa mapanga yetu. Namaanisha aina ile ile ya gulioni, mengine mpini umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli ili lisiteleze mkononi, kama la baba la kukatia mikungu ya ndizi. Baba alinishika mkono akanivuta tukaondoka, na njia nzima hakusema neno. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wa ukanda wa ziwa mnakumbuka jinsi watu walivyoacha kula samaki mwaka ule.

Sasa nisikilizeni kwenye hili. Kihangaza, lugha yetu, kinaelewana na Kinyarwanda na Kirundi. Wale watu hatukuhitaji mkalimani kuongea nao. Walipoomba amazi tulijua wanaomba maji. Chakula chao ndicho chetu, pombe ya ndizi ni ile ile, hata namna ya kumsalimia mkwe haikutupa tabu. Na ndani ya Rwanda kwenyewe, Mhutu na Mtutsi wanaongea lugha moja, wanasali kanisa moja, wameoleana vizazi na vizazi. Aliyeua na aliyeuawa walilelewa kwa methali zile zile na bibi wa aina ile ile. Kama ukatili ungekuwa kwenye mila, ungevuka mto pamoja na lugha ukatukuta na sisi upande wa pili. Haukuvuka.

Kilichokuwa tofauti kinajulikana na kina tarehe. Upande ule, miaka ya 1930, Wabelgiji waliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa huyu Mhutu, huyu Mtutsi, na serikali za baada ya uhuru zikaviendeleza. Mwaka 1994 karatasi hiyo kwenye kizuizi cha barabarani ilitosha kukuua. Kulikuwa na vita tangu Oktoba 1990. Kulikuwa na redio, RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 na kuwaita jirani "inyenzi", yaani mende. Kulikuwa na vijana wa Interahamwe, kundi la wanamgambo, waliofunzwa kwa kazi hiyo. Upande wetu kitambulisho hakitaji kabila, na tangu sensa ya 1967 hakuna karani wa sensa aliyewahi kutuuliza sisi ni watu gani.

Kwa anayedhani ni damu, naomba asome kesi ya Jean-Paul Akayesu. Iliamuliwa hapa kwetu Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa jengo la AICC. Tarehe 2 Septemba 1998 akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Huyu alikuwa mwalimu, baadaye burugumesta, yaani mkuu wa wilaya, wa Taba kule Rwanda. Mahakama iliona kwamba siku za mwanzo alizuia mauaji katika eneo lake. Tarehe 18 Aprili 1994 akaenda kwenye mkutano na viongozi wa serikali ya muda. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: mauaji yakaendelea mbele yake, wanawake wakabakwa kwenye ofisi za wilaya yake, naye akichochea. Jamani, mila gani hiyo inayobadilika kati ya asubuhi na jioni? Mtu ni yule yule na lugha ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba wakubwa wamemwonyesha upande ulioko usalama wake na cheo chake.

Nitarudi, kuna jambo langu mwenyewe la kusema. Kwanza niwasikie.

#2

Mkuu umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, ila umeanzia kati. Hivyo vitambulisho nani alivileta? Mzungu. Maji Maji nani alichoma maghala ya chakula mpaka watu wakafa njaa? Mjerumani. Congo nani alikata watu mikono kwa ajili ya mpira? Mbelgiji. Mimi nasema ukatili una utamaduni wake, na utamaduni huo ulikuja na meli.

#3 – Mleta mada

Mkuu #2, kwenye makosa ya wakoloni sikupingi hata nukta. Maji Maji, 1905 hadi 1907, makadirio ni kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyokusudiwa. Pale Songea mwezi Februari 1906 walinyongwa zaidi ya watu 60, na kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, kikachukuliwa. Rais wa Ujerumani alikuja kuomba radhi Songea mwaka 2023. Hayo yasifutwe kamwe.

Lakini tukiingia kwenye picha yenyewe tuiangalie yote. Iko picha iliyopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris mwaka 1904, huko Congo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Baba anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Ameketi barazani, mbele yake kuna mkono na mguu wa binti yake wa miaka 5. Hajalia, ameinamisha macho tu anaviangalia. Mfalme aliyefaidika na mpira alikuwa Brussels na hakukanyaga Congo maisha yake yote. Waliofika kijijini kwa Nsala walikuwa walinzi wa kampuni ya mpira, Wakongo wenzake. Na wale askari waliotakiwa kuthibitisha kila risasi kwa kurudisha mkono wa mtu, wengi wao walikuwa Waafrika; wengine waliandikishwa Zanzibar. Hata Maji Maji, jeshi la Mjerumani lilikuwa na Wasudani, lilikuwa na Wanyamwezi na Wasukuma. Mjerumani alitoa amri, alinufaika, na lawama kubwa ni yake. Mkono uliowasha moto kwenye ghala la Mngoni mara nyingi ulikuwa mweusi.

Na ukisema ni mila za Mzungu, itabidi ueleze Józefów. Hiki ni kijiji cha Poland. Tarehe 13 Julai 1942 kilifika kikosi cha polisi wa akiba kutoka Hamburg, kama watu 500. Hawakuwa vijana wenye moto. Walikuwa watu wazima, wenye familia, wamezidi umri wa jeshi la mstari wa mbele: wapakuzi wa bandarini, madereva, makarani. Meja wao, Wilhelm Trapp, aliwapa kazi huku machozi yanamtoka: waue Wayahudi wa kijiji, wanawake na watoto wakiwemo. Kisha akasema neno ambalo watu wengi hawalijui, kwamba mtu mzima asiyejiona kuiweza kazi hii atoke mstarini. Walitoka kama 12. Walipewa ruhusa ya kukataa, na walitoka 12 kati ya watu 500. Mpaka jioni walikuwa wamewapiga risasi watu wapatao 1,500. Hakukuwa na Mwafrika pale wala koloni, na waliouawa walikuwa Wazungu.

Nimeyasoma hayo nikiwa mtu mzima, na nikakumbuka rundo la mapanga.

#4

Naomba nichangie kama binti wa Shinyanga. Kila nikisema kwetu ni wapi, kuna mtu lazima aseme: "Aa, nyie mnaoua bibi zenu." Inauma.

Bibi yangu macho yalikuwa mekundu. Si uchawi. Kwetu miti imeisha, alipika maisha yake yote kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Ule moshi mnaujua? Ukiingia dakika mbili unatoka unalia. Yeye alikaa humo zaidi ya miaka hamsini. Mtoto wa jirani alipofariki, ndugu zake wakaenda kwa mganga wa ramli, wakarudi wanamwangalia bibi tofauti. Na kulikuwa na mgogoro wa shamba tangu zamani, hilo huwa halisemwi. Tulianza kulala mlangoni kwake, wajukuu watano, kwa zamu, miezi minne. Kaka yangu mkubwa alikuwa na fimbo tu. Sisi ni Wasukuma. Waliokuwa wanamtaka ni Wasukuma, na waliolala mlangoni ni Wasukuma. Sasa mniambie ipi hapo ndiyo mila ya Wasukuma.

#5 – Mleta mada

Dada #4, asante, na pole. Umesema kwa aya mbili ambalo mimi nimezunguka nalo uzi mzima.

Niongeze kwa wale wanaodhani kuua vikongwe ni ushenzi wa porini. Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, waliuawa kwa tuhuma za uchawi watu kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake, wajane, masikini, wazee. Tena kwa mahakama, kwa karani na muhuri. Katika miji ya Würzburg na Bamberg, Ujerumani, miaka ya 1620, walichomwa mamia kwa mamia, watoto wakiwemo. Salem, Marekani, mwaka 1692 walinyongwa watu 19. Uswisi, hii tunayoisifia kwa amani na mabenki, ilimkata kichwa mtumishi wa ndani, Anna Göldi, mwaka 1782, na jimbo la Glarus lilimsafisha jina mwaka 2008. Ukilinganisha na Shinyanga ya dada yetu, mambo yanafanana hadi kwenye uchungu wake: mtoto amekufa na watu wanataka jibu, kuna mwanamke asiye na mtetezi, kuna mtaalamu anayelipwa kumtaja mtu, na nyuma yake kuna shamba au chuki ya zamani.

Kwa hiyo Mswisi na Msukuma wana damu moja? Wana hofu moja. Na Uswisi ilipona. Hapakubadilika damu. Ilibadilika sheria ya ushahidi, na mtaalamu wa kutaja watu akanyang'anywa ofisi.

#6

Mleta mada uko vizuri ila naona unaitakasa mila kupita kiasi. Ukeketaji je? Hapo hakuna redio ya chuki wala kundi lenye hasira. Ni bibi, ni shangazi, ni ngoma na zawadi. Mtoto anashikwa na watu wanaompenda. Hapo utasema si utamaduni?

#7 – Mleta mada

Mkuu #6, hapa umenikamata na nakubali. Nilikuwa naandika kana kwamba mila haina kosa lolote, na si kweli. Mila inaweza kuuchukua ukatili ikauvika nguo za heri, mpaka anayeutenda aone anatimiza wajibu. Huo ni mgumu kuliko ukatili wa hasira, kwa sababu hasira hupoa, wajibu haupoi. Ngariba analala usingizi mzuri.

Ila nina mambo mawili. China walifunga miguu ya wasichana karne nyingi, mifupa ikavunjwa mtoto akiwa mdogo, na mama mzazi ndiye aliyekaza kitambaa. Ilikuwa heshima, bila hivyo huolewi. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa imekwisha, na Wachina hawakuacha kuwa Wachina. La pili ni Tarime. Msimu wa kukeketa ukifika, mwezi Desemba, wako wasichana wanaotoroka usiku kwenda nyumba salama. Binti wa miaka 12 au 13 anatembea gizani peke yake, akijua kesho ukoo utamkana. Yule naye ni Mkurya. Kakulia kwenye ngoma zile zile. Tukisema "mila ya Wakurya ni katili" tunamfuta yeye, tunamkabidhi jina la kabila zima ngariba peke yake. Mimi siwezi kumfanyia hivyo.

Na imani ile ile inaweza kushikwa kwa ncha mbili. Kule Rwanda, katika kijiji cha Musamo, alikuwepo bibi mmoja, Zura Karuhimbi, mganga wa mitishamba. Mwaka 1994 alificha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake: chini ya kitanda, darini, hata kwenye shimo shambani. Wauaji walipokuja aliwatishia uchawi. Alijipaka yeye na nyumba yake majani yanayowasha, aliyemgusa akawashwa, akachezesha bangili akiwaambia mizimu itawamaliza. Wenye mapanga wakarudi nyuma. Hofu ya uchawi, hii hii iliyomtoa usingizi dada wa Shinyanga, pale Musamo iliokoa watu. Serikali ya Rwanda ilimpa nishani mwaka 2006, akafariki mwaka 2018.

#8

Nimefuatilia tangu mwanzo. Swali langu fupi: kama ukatili ni wa binadamu wote, basi hakuna wa kulaumiwa. Tuseme "ndivyo tulivyo" tukalale?

#9 – Mleta mada

Hapana mkuu, na hapa ndipo nilitaka kufika tangu post ya kwanza. Nimeahirisha kwa sababu ni aibu.

Mwaka 2009 nilikuwa Dar, nimepanga chumba Mbagala. Jioni moja nateremka kwenye daladala nasikia "Mwizi! Mwizi!" Kijana anakimbia, wakamkata mtama karibu na mtaro, akaanguka. Sikuona alichoiba wala aliyeibiwa. Mimi sikuwa nimeibiwa kitu. Wakuu, nilijikuta nina kipande cha tofali mkononi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa na hasira, na jibu ni hapana. Niliokota kwa sababu kila mtu kando yangu alikuwa ameokota. Nilirusha. Kilimpata begani na nilisikia mlio wake, mlio kama wa mtu anapotua gunia. Kuna jamaa alikuwa tayari anamimina petroli ya bodaboda kwenye chupa ya maji.

Yule mtoto wa darasa la tano aliyeona rundo la mapanga ndiye huyo aliyerusha tofali. Nimetoka kwenye nchi ya amani, kitambulisho changu hakina kabila. Neno moja lilitosha. Kule waliambiwa mende, Ulaya waliambiwa mchawi, Mbagala tuliambiwa mwizi. Nilipolisikia, sikuona tena mtu pale chini.

Kwa hiyo wa kulaumiwa yupo: ni mimi, kwa jina langu, kama walivyo wale waliobaki mstarini Józefów wakati wenzao 12 wametoka. Nikisema "Watanzania ndivyo tulivyo" najificha nyuma ya watu milioni 60. Na aliyesema Wanyarwanda ndivyo walivyo anawaficha wauaji kwa njia hiyo hiyo, bila kujua.

Kulikuwa na mama anauza samaki wa kukaanga pembeni ya stendi. Aliacha karai la mafuta linachemka jikoni akaingia katikati yetu. Alikuwa mfupi, mnene, ana unga mikononi. Alifungua kanga ya mabegani akamfunika yule kijana, akachuchumaa. Nilidhani atatuhubiria. Hakututazama hata. Alimuuliza yeye: "Unaitwa nani?" Kijana akanong'ona. "Sema kwa sauti, wakusikie."

Akasema jina lake. Akasema na la baba yake, na mtaa. Mtu nyuma yangu akasema, "Si mtoto wa yule fundi baiskeli?" Basi. Nilisikia mawe yanadondoka chini, moja, kisha jingine, kisha mengi. Mwenye chupa ya petroli sikumwona tena. Mjumbe alikuja, kijana akapelekwa polisi akiwa anachechemea. Alikuwa ameiba kweli, simu ilikuwa kiunoni mwake.

Mama alirudi kwenye karai. Samaki walikuwa wameungua, akawatoa mmoja mmoja akawamwaga mtaroni. Nilitaka nimlipe, nikashindwa kumsogelea, kwa sababu aliniona niliporusha.

Jina la yule kijana nalikumbuka mpaka leo. Sitaliandika hapa.